Utani, Ugeni na Ujirani: Jinsi Nchi Yetu Ilivyoishi na Mataifa Mengine



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la mawaziri na mabalozi peke yao, nalo ni uhusiano wa Tanzania na nchi nyingine. Tukisikia redioni kwamba mgeni mkubwa amewasili Dar es Salaam na kupigiwa mizinga 21, twasema hayo ni mambo ya wakubwa. Lakini mkimbizi akivuka mpaka halali nyumbani kwa waziri, hulala kijijini. Reli ikijengwa hupita katika mashamba ya watu. Vita ikitokea mpakani, vijana wanaokwenda ni watoto wa majirani zetu. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote, na yafaa tulijue vizuri ili tuweze kuwafundisha watoto.

Wazee walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Nataka tuichukue methali hiyo kuwa kipimo chetu katika somo lote. Tutaona kwamba urafiki wa mataifa, kama ule wa majirani, hujulikana siku ya dhiki, na kwamba mtu anayemfaa mwenzake hulipa gharama fulani. Tutatazama nchi yetu ililipa nini, na ni wapi ilishindwa kulipa.

1. Shule yetu ya kwanza: utani

Kabla hatujawa na balozi hata mmoja, makabila yetu yalikuwa na njia yao ya kuishi na wageni. Njia hiyo ni utani. Kila msomaji anaujua, lakini si kila kijana anajua ulikotoka.

Utani mwingi ulitokana na mambo mawili. La kwanza ni vita. Wangoni walikuja kutoka kusini, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835, na baadaye wakafika katika nchi yetu. Katika miaka ya 1870 na 1880 walipigana na Wahehe vita vikali. Watu wengi walikufa pande zote mbili. Leo Mngoni na Mhehe ni watani, na wakikutana hutaniana kwa vita vile vile vilivyowaua babu zao. Jambo la pili ni safari. Wanyamwezi waliteremka pwani na misafara ya pembe na mizigo mingine, wakipita katika nchi za watu wengine. Walihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Hivyo wakawa na watani njiani, kama vile Wazaramo.

Sasa tutazame utani una sheria gani. Mtani aweza kukutukana usikasirike. Aweza kuchukua kuku wako, nawe hutakwenda kumshitaki. Lakini siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayefika mapema, anayeshika jembe kaburini, na anayewachekesha wafiwa ili wasizidiwe na huzuni. Matusi yake yana deni, na deni hilo hulipwa siku ya dhiki. Mtu anayetania na kula, kisha haonekani msibani, si mtani. Ni mhuni tu.

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo kazi ya likizo: kila mmoja awaulize wazee wake watani wao ni nani, na utani ule ulianzaje. Waliporudi, karibu kila jibu lilianza na vita au safari. Mwanachuo mmoja alisema, "Mwalimu, kumbe wazee walikuwa na wizara yao ya mambo ya nje." Darasa lilicheka, lakini alikuwa amelielewa somo.

Sisemi kwamba serikali iliandika siasa yake kwa kuutazama utani. Ninachosema ni kwamba wananchi walipoambiwa kuwa tuna wajibu kwa watu wasio wa kwetu, neno hilo halikuwa geni masikioni mwao. Walikwisha kulijua nyumbani.

2. Neno na gharama yake

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hata kabla ya siku hiyo, mwezi Machi 1961, Mwalimu Julius Nyerere aliandika katika gazeti moja la Uingereza kwamba Tanganyika haitaweza kuingia katika Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi itabaki humo. Mwezi ule ule Afrika Kusini ilijitoa. Nchi ambayo bado haijapata bendera yake ilikuwa imekwisha kusema jambo lisilorudishwa nyuma.

Kusema ni rahisi. Gharama ilikuja baadaye. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Zanzibar ilikuwa tayari imeitambua Ujerumani ya Mashariki, ambayo Ujerumani ya Magharibi haikutaka itambuliwe na nchi yo yote rafiki yake. Tanzania ilitafuta njia ya katikati: Ujerumani ya Mashariki iwe na ofisi ya konseli, isiwe na ubalozi. Mapema mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi haikuridhika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akawajibu kwamba, kama msaada ni wa kutuamulia rafiki zetu, basi waondoe na msaada wao mwingine wa serikali. Nchi maskini iliyokuwa na madaktari na wahandisi wachache sana ilikubali kupungukiwa zaidi.

Mwaka huo huo, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe, na kuwaacha Waafrika walio wengi bila haki. Mawaziri wa nchi huru za Afrika waliokutana Addis Ababa waliamua kwamba, Uingereza isipouzima uasi huo kufikia tarehe 15 Desemba, nchi zote zivunje uhusiano nayo. Siku ilipofika, nchi nyingi zilinyamaza. Tanzania ilikuwa miongoni mwa chache zilizotimiza neno. Kwa sababu hiyo mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ulizuiwa. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968.

Hapa yafaa tukumbuke jambo moja linalotuhusu sisi wa makanisa yaliyoanzishwa na misheni za Kiingereza. Walimu na wauguzi Waingereza waliokuwa wakifanya kazi nasi hawakufukuzwa kwa sababu ya ugomvi ule. Serikali iligombana na serikali, wala haikuwageuza watu kuwa adui. Mmoja wa Waingereza waliojulikana sana nchini wakati huo alikuwa Trevor Huddleston, Askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameondolewa Afrika Kusini baada ya kuupinga ubaguzi wa rangi waziwazi.

3. Wageni waliokuja na vita yao

Mwaka 1963 nchi huru za Afrika ziliunda Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilikuwa kimekwisha kuundwa katika mji huo huo tarehe 25 Juni 1962. Kisha wakaja wengine kutoka Afrika Kusini, Namibia, Rhodesia na Angola.

Wengi wetu tunaijua Kongwa kwa sababu ya chuo cha theolojia cha Mtakatifu Filipo. Lakini Kongwa hiyo hiyo, tangu mwaka 1964, ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa vyama kadha. Nachingwea ilikuwa na kambi ya FRELIMO. Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, shamba la zamani la mkonge lilipewa chama cha ANC cha Afrika Kusini, wakajenga shule kwa ajili ya vijana wao waliokimbia. Shule hiyo iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 majengo yale yalikabidhiwa kwa nchi yetu, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Wageni wa namna hii si wageni wa chai. Vita yao huwafuata. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Vijiji vya mpakani, kando ya Mto Ruvuma, vilipata mashambulizi ya Wareno. Wanakijiji wale hawakuwahi kwenda Addis Ababa wala New York, lakini ndio walioilipa hati ya urafiki wetu na Msumbiji. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, ilikuwa haki yao kushangilia kama waliopata uhuru mara ya pili.

4. Reli ya Uhuru

Rhodesia ilipoasi, Zambia ilibanwa. Nchi hiyo haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikipita kusini kwa watu ambao sasa walikuwa adui. Ilihitaji njia ya kuja pwani yetu. Wataalamu wa nchi za Magharibi walisema reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia haitalipa, na wakakataa kutoa fedha. China, ambayo wakati huo nayo ilikuwa maskini, ilikubali kutoa mkopo usio na riba.

Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Urefu wake ni kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, mahali palipo na milima, mabonde na udongo laini. Huko ilibidi kutoboa mahandaki na kujenga madaraja makubwa. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi pamoja. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na kaburi zao ziko nje ya mji wa Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto. Mtu akifa katika shamba lako, huwezi kumwita mpita njia.

Reli hiyo imepata shida nyingi tangu hapo, za matengenezo na za upungufu wa mizigo. Basi wale wataalamu walikuwa na sehemu ya kweli katika hesabu zao. Lakini hesabu yao haikuwa na mahali pa kuandika kwamba jirani alikuwa amebanwa koo. Hayo hayaingii katika daftari la duka.

Urafiki na China ulileta gharama nyingine. Mwaka 1971 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuipigania China ipate kiti chake katika Umoja wa Mataifa, na mjumbe wetu huko alikuwa Salim Ahmed Salim. Mwaka 1981 ndugu Salim aligombea kazi ya Katibu Mkuu wa umoja huo, akiungwa mkono na Afrika. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu. Kwa hiyo wakati mwingine gharama ya taifa hulipwa na mtu mmoja.

5. Mgeni siku mbili

Sasa tuje kwa wageni ambao wengi wetu tumeishi nao. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi, na watu wengi wakakimbilia kwetu. Walipewa ardhi katika mapori ya Tabora na Mpanda: Ulyankulu, kisha Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Mishamo.

Methali yetu yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu hudhani methali hiyo ni ya kumfukuza mgeni. Sivyo. Jembe hupewa mtu anayekaa. Warundi wale walipewa mashamba, wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharagwe na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa wale waliowasaidia wakimbizi. Tukisema kweli, nishani ile ilikuwa pia ya wanavijiji waliopisha ardhi.

Baada ya miaka 35 serikali iliwauliza wakimbizi wa mwaka 1972 kama wanataka kurudi Burundi au kuwa raia wa Tanzania. Wengi walichagua kubaki. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa kuwa raia. Lakini hati zao zilichelewa, kwa sababu ulikuwako mpango wa kuwahamisha na kuwatawanya katika mikoa mingine. Mpango huo uliachwa, na hati zikaanza kutolewa mwaka 2014. Fikirini hali ya mtu aliyezaliwa Katumba, aliyesoma Katumba, aliyezika wazazi wake Katumba, naye anangoja miaka minne ajue kama shamba lake ni lake. Hata baada ya hati, wako bado wanaowaita "wakimbizi". Jina hilo halitoki kwa hati. Hutoka kwa vinywa vyetu.

6. Pale tuliposhindwa

Mwalimu anayefundisha mema tu hajafundisha. Basi tutazame na upande mwingine.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Nchi tatu zilizokuwa na shirika moja la reli, moja la ndege, na moja la posta na simu ziligombana juu ya fedha, siasa na utawala wa Idi Amin. Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Familia za mpakani ziligawanyika. Wafanya biashara walipata hasara. Tuliweza kumfaa ndugu aliye mbali kule Namibia, lakini hatukuweza kusikilizana na jirani tunayeazimana naye chumvi. Ilitupasa kungoja hadi tarehe 30 Novemba 1999 ndipo mkataba wa jumuiya mpya ukatiwa saini Arusha.

Tena, mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Hakuna wilaya duniani iliyo tayari kwa jambo kama hilo. Miti ilikatwa kwa kuni, visima vilikauka, na miongoni mwa wakimbizi walikuwamo pia watu walioua. Mwaka 1995 serikali iliufunga mpaka upande wa Burundi, na Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakaamriwa kurudi kwao, wengi wakisindikizwa na askari. Wako waliosema tumevunja desturi yetu, na wako waliosema mzigo ulikuwa umetuzidi. Mimi naona maneno yote mawili yana ukweli. Mwenyeji naye ana mgongo, na mgongo huchoka. Mataifa tajiri yaliyotusifu kwa ukarimu yalituachia mzigo mkubwa kuliko sifa zao. Lakini pia mtu aliyerudishwa kwa nguvu, naye hakuua mtu, alikuwa na haki ya kusikilizwa.

7. Tufanye nini nyumbani?

Vijana wetu wa leo hawakuiona Kamati ya Ukombozi wala hawakusikia milio ya mabomu kando ya Ruvuma. Wengine wanauliza, "Tulipata faida gani?" Swali hilo si baya, nasi hatuna budi kulijibu bila hasira. Faida moja ni amani upande wa kusini: hatuna tena mkoloni wala kaburu mpakani. Faida ya pili ni heshima ambayo kijana wa Kitanzania huikuta Maputo, Windhoek au Johannesburg, asiyejua ni nani aliyemlipia. Lakini tusiwadanganye. Mengine tuliyotoa hayakurudi, na hayatarudi. Mtani anayechimba kaburi hapewi risiti.

Jambo la kufanya ni dogo, tena liko karibu. Kwanza, wazee wawaeleze wajukuu utani wa kabila lao ulianzaje, ili wajue kwamba hata adui wa jana aweza kuwa mchimba kaburi wako kesho. Pili, tuyaangalie maneno yetu. Familia iliyopewa uraia iitwe majirani, na watoto wao waitwe kwa majina yao. Tatu, penye ugomvi wa ardhi kati ya wenyeji na waliohamia, tusimame na haki hata kama mwenye haki si wa ukoo wetu. Nchi haiwezi kuwa na adabu kwa mataifa wakati vijiji vyake havina adabu kwa majirani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kabila lako lina utani na kabila gani? Ulitokana na vita, safari, au jambo jingine?
2. Mwaka 1965 nchi nyingi zilinyamaza, Tanzania ikatimiza neno na kukosa mkopo. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kuamua, na hospitali zako hazina dawa, ungefanyaje?
3. Ni nani katika mtaa wetu ambaye bado anaitwa "mgeni" ingawa amekaa miaka mingi? Tumempa jembe, au tumempa jina tu?
4. Soma tena habari za mwaka 1994 hadi 1996. Mwenyeji ana haki gani anapozidiwa? Mgeni naye ana haki gani?
5. Wazee wa kikundi wawaeleze vijana jambo moja walilolitoa, wao au kijiji chao, kwa ajili ya watu wa nchi nyingine.